Vitabu vya mtumba: Toleo la kwanza ndilo lenye bei

Wauzaji wengi wa vitabu vya mtumba Magomeni na Kariakoo hupanga bei kwa unene wa kitabu na kwa kuuliza kama kinasomwa shuleni. Kwa riwaya, kipimo hicho humpotezea mtu fedha. Mkusanyaji hutafuta toleo la kwanza, tena chapa ya kwanza ya toleo hilo. Riwaya nyembamba inayokaribia kufungia karanga yaweza kuzidi bei ya boksi zima la vitabu vya kiada.

Mfano wa karibu ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitolewa London na Jonathan Cape mwaka 1987, na Paradise ikatolewa na Hamish Hamilton mwaka 1994. Oktoba 7, 2021 alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, maduka ya Ulaya na Marekani yaliishiwa vitabu vyake na nakala za kwanza zikapanda bei. Aliyekuwa nazo kabatini alifaidi. Aliyekimbilia kununua wiki ile alinunua juu.

Kwa Kiswahili, tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau. Awali ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikaruhusiwa kufundishwa na kuchapwa upya, hivyo nakala nyingi utakazoletewa ni za baadaye. Soma jina la mchapishaji. Bureau hiyo ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Kenya Literature Bureau ilikuja baada ya hapo. Nakala yenye jina hili la pili haiwezi kuwa ya kwanza, hata muuzaji akila kiapo.

Vitabu vingi vya Uingereza vina mstari wa tarakimu nyuma ya ukurasa wa jina. Tarakimu 1 ikiwapo, kwa kawaida ni chapa ya kwanza. Ndogo kuliko zote ikiwa 4, ni ya nne. Wachapishaji wengine huandika mwaka wa kwanza tu, na chapa zinazofuata huorodheshwa chini yake.

Usitupe karatasi ya nje inayofunika jalada gumu, hata ikichanika: sehemu kubwa ya thamani imo humo. Muhuri wa maktaba hushusha bei, na kabla ya kununua kitabu chenye muhuri uliza kilitokaje huko. Joto la unyevu la Dar es Salaam, mende na mchwa hufanya kazi iliyobaki. Weka vitabu wima, mbali na ukuta na sakafu.

Jambo la mwisho ni mtaji. Hisa zina bei inayotangazwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kitabu kina bei siku mteja anapopatikana, na mteja huyo mara nyingi yuko ng'ambo, kwa hiyo ondoa kwanza gharama za posta na kamisheni ndipo uhesabu faida. Fedha ya kodi ya fremu isiingie humu.