Kuzuia kutu katika vifaa vya umeme vya mfumo wa mafuta wa pikapu

Kuzuia kutu katika vifaa vya umeme vya mfumo wa mafuta wa pikapu ni matunzo yanayolinda pampu, sensa, vali, soketi na nyaya zinazosimamia mafuta ya gari zisiliwe na maji, chumvi na uchafu. Kutu hiyo ni tofauti na ile inayoonekana kwenye milango au chesisi. Mara nyingi hujificha ndani ya soketi ndogo kuliko kidole gumba, na inaweza kuzima injini ambayo kwa kila kipimo kingine ni nzima.

Katika Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, pikapu ni gari la mizigo, la abiria, na pengine la kuwahisha mgonjwa hospitali. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Lami imefika Mpanda kutoka Tabora, lakini njia nyingi za vijijini, za mashamba ya tumbaku na za mwambao wa Ziwa Tanganyika bado ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, yaani takriban Novemba hadi Aprili. Gari likizima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ng'ambo ya Sitalike, dereva hashuki hivihivi kufungua boneti: kuna mbung'o wengi, tena kuna nyati, tembo na simba.

Vifaa vinavyohusika

Pikapu za zamani zina umeme mdogo katika mafuta. Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, ina pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu ya injini yenyewe; umeme wake wa lazima ni waya mmoja unaofungua vali ya kupitisha mafuta. Hata hivyo waya huo mmoja ukioza, gari linasimama.

Pikapu za miaka ya karibuni, kama Toyota Hilux za D-4D, hukusanya dizeli katika bomba moja la pamoja kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,000. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Ili iamue, inategemea sensa ya presha iliyo kwenye bomba hilo, vali ya kupimia mafuta iliyo kwenye pampu, na sensa za mzunguko na joto la injini. Pikapu za petroli zina pampu ya umeme ndani ya tangi. Soketi yake huwa juu ya tangi, chini ya bodi la nyuma, mahali ambapo tope hukaa na mkono haufiki.

Chumvi inakotoka

Katavi haina bahari, na kwa hiyo wenye magari wengi huona kutu ya umeme kuwa shida ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Lakini chumvi hufika Katavi kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni mizigo. Chumvi ya Uvinza, mkoani Kigoma, imekuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali tangu kabla ya ukoloni, na barabara ya Uvinza hadi Mpanda ni njia yake mojawapo. Kiroba kikichanika kwenye bodi la pikapu, chembe hupenya katika matundu ya bolti na kutua juu ya tangi. Mvua ya kwanza huziyeyusha. Samaki wa chumvi na ndoo za samaki wabichi kutoka Karema, Ikola na Ziwa Rukwa hudondosha maji yao palepale. Maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe ni matamu. Kinachoharibu ni chumvi iliyotiwa kwenye samaki. Ziwa Rukwa ni tofauti, kwani maji yake yana magadi. Mbolea za tumbaku na mahindi nazo ni chumvi kwa lugha ya kemia: huvuta unyevu wa hewani, na zile zenye amonia hushambulia shaba, ambayo ndiyo madini ya nyaya nyingi za gari.

Njia ya pili ni gari lenyewe. Pikapu nyingi zinazoingia Tanzania hununuliwa Japani zikiwa zimetumika. Zile zilizoishi sehemu zenye theluji, kama kisiwa cha Hokkaido, zimepita miaka mingi juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Rangi ya nje huweza kung'aa huku chini, kwenye mikanda ya kushikia tangi na kwenye soketi za nyuma, kutu imeshaanza. Anayenunua pikapu bandarini au kwa mtu hana budi kulala chini na tochi. Kuzunguka gari na kupiga matairi kwa mguu hakuonyeshi kitu.

Jinsi soketi inavyoharibika

Maji safi peke yake hula chuma na shaba polepole. Yakichanganyika na chumvi hupitisha umeme, na hapo uharibifu huongezeka kasi. Pini yenye umeme wa chanya muda wote humomonyoka kwanza, huku unga wa kijani au mweupe ukijaa ndani ya soketi. Vumbi la Katavi huongeza ubaya kwa sababu hushika unyevu kama sponji: gari linaonekana kavu, kumbe ndani ya soketi pamelowa.

Kuvuka mito nako kuna hatari yake. Soketi na sensa zilizopata joto la safari huingizwa ghafla katika maji ya baridi ya Katuma au Kavuu wakati wa mafuriko. Hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye mpira wa kuzuia maji, hasa mpira uliozeeka. Maji yakishaingia katika waya, hutambaa kati ya nyuzi za shaba chini ya plastiki na kutokeza mbali, pengine kwenye kontroli boksi.

Aina nyingine ya kulika hutokea pale madini mawili tofauti yanapogusana penye unyevu. Mfano unaojulikana sana ni wa pikapu za Ford F-150 za Marekani za mwaka 2004 hadi 2008. Kifaa cha kuendesha pampu ya mafuta, chenye kasha la alumini, kilifungwa moja kwa moja kwenye chuma cha chesisi juu ya tairi la akiba. Maji na chumvi vilikaa katikati, alumini ikalika hadi kutoboka, na injini zikazima. Kifaa cha kubadilishia kilifungwa kwa vipande vya kukiinua ili hewa ipite. Magari hayo ni nadra Katavi, lakini fundi anayefunga pampu ya ziada au relei kwenye chesisi hukutana na jambo hilohilo, na kipande cha mpira au plastiki katikati humaliza kazi.

Maji ndani ya mafuta

Kutu huweza pia kuanzia ndani. Tangi lililoachwa nusu hupumua hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi maji hujikusanya kwenye kuta zake na kushuka chini. Vijijini, ambako dizeli na petroli huuzwa kwa madumu na mapipa, maji huingia kabla hata mafuta hayajafika kwenye gari. Maji hayo hula geji ya tangi, pampu na vali za nozeli, na katika dizeli hulea vijidudu vinavyotengeneza utelezi wenye asidi.

Kinga yake ni rahisi. Kitoa maji kilicho chini ya chujio la dizeli kifunguliwe kila baada ya muda, na mara moja taa ya chujio inapowaka kwenye dashibodi. Taa hiyo kuzimwa kwa kuchomoa soketi, jambo linalofanyika mno, ni kukata ulimi wa gari. Ni vizuri kujaza tangi kabla ya kuliegesha gari kwa siku nyingi, na kutojaza mafuta wakati lori linashusha kituoni, kwa kuwa maji na uchafu wa chini ya tangi la kituo huwa vimevurugwa.

Dalili na vipimo

Dalili ya kawaida ni ile inayokuja na kuondoka: gari linakosa nguvu mlimani, linazima baada ya mvua, linawaka tena jua likitoka. Fundi asiyepima huagiza pampu au sensa mpya. Spea ikifika hubadilishwa, soketi inachomolewa na kurudishwa, pini zinakwanguana kidogo, na gari linapona kwa wiki mbili. Pampu ya zamani ilikuwa nzima.

Hesabu yake si ngumu. Pampu ya petroli inayotumia ampea 6, ikikutana na kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu, hupoteza volti 3 njiani. Betri ina volti 12, pampu inapata 9, na presha inashuka. Kwa sensa tatizo ni la namna nyingine: nyingi huzungumza na kompyuta kwa volti kati ya 0 na 5, na tone la maji kati ya pini mbili latosha kutoa taarifa ya uongo.

Kupima waya kwa omu gari likiwa limezimwa hudanganya, kwa kuwa waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba husomeka mzima. Kipimo cha kuaminika ni kupima volti zinazopotea pampu ikiwa inafanya kazi: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa chanya wa pampu, kisha vivyo hivyo upande wa hasi. Upotevu unaozidi nusu volti upande wowote unastahili kufuatiliwa soketi kwa soketi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi au chesisi.

Katika dizeli za bomba la pamoja, soketi za nozeli zisiguswe injini ikiwaka, kwa sababu baadhi hupata volti karibu 100. Mabomba ya presha nayo yasilegezwe, maana dizeli ya mgandamizo huo hutoboa ngozi.

Kinga katika gereji

Uharibifu mwingi huanzishwa na mikono ya watu. Taa ya kupimia yenye sindano, inayotobolewa kwenye plastiki ya waya ili kuona kama kuna umeme, huacha tundu lisiloonekana. Masika ikipita, shaba ya hapo huwa kijani na baadaye unga. Ni afadhali kupima kwa nyuma ya soketi, pini inapoingilia. Waya uliokatika kuviringwa na kufungwa tepu nyeusi hakufai chini ya gari. Unganisho libanwe au lichomewe kwa risasi, kisha livikwe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani.

Soketi chafu husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, betri ikiwa imechomolewa. Petroli na mafuta ya taa, vinavyotumika kwa sababu vipo karibu, huvimbisha mpira wa kuzuia maji. Baada ya kukauka, mpira hupakwa grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya bearingi haifai. WD-40 hufukuza maji lakini haikai muda mrefu. Sehemu ya hasi hukwanguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, hukazwa, kisha hupakwa rangi au grisi juu, si katikati.

Nyaya zinazoingia kwenye soketi zilegezwe zining'inie kidogo chini yake, ili maji yadondoke kabla ya kuifikia. Anayebeba chumvi, samaki au mbolea atandike turubai zima, na akirudi amwage maji mengi ya kawaida juu ya tangi na ndani ya chesisi. Mashine ya presha ielekezwe kwenye tope la matairi. Ikielekezwa kwenye soketi kutoka karibu hupenyeza maji kwenye mpira ambao mto Katuma usingeweza kuupita.