Kuchora Upya Wahusika wa Hadithi ya Kubuni: Mfano wa Elisi

Mtahiniwa, unapohakiki fani umezoea kugusa muundo, mtindo, wahusika na mandhari. Ukifika kwenye picha, unamaliza kwa sentensi moja: "Picha zinavutia na zinaendana na maudhui." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini msahihishaji hana pa kuweka vema, kwa kuwa ingeweza kuandikwa kuhusu kitabu chochote kile. Mada hii inakuonyesha jinsi picha inavyomjenga mhusika, na jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kumchora upya mhusika ambaye dunia imeshamzoea.

Chukua hadithi ya Lewis Carroll kuhusu Alice, msichana anayemfuata sungura shimoni na kujikuta katika nchi ya ajabu. Ilichapishwa Uingereza mwaka 1865 ikiwa na picha 42 za John Tenniel, mchoraji wa vikatuni vya gazeti. Mafundi walizichonga juu ya vibao vya mti ili zipigwe chapa. Kabla ya hapo, Carroll alikuwa ameandika hadithi hiyo kwa mkono na kuichora mwenyewe, picha 37. Hivyo hata Tenniel hakuwa wa kwanza.

Sasa zingatia jambo hili. Maandishi ya Carroll yanaeleza machache sana kuhusu sura na mavazi ya Alice. Picha za Tenniel za mwaka 1865 hazikuwa na rangi. Gauni la buluu ambalo wengi wanalikumbuka limezoeleka zaidi kupitia filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1951; katika toleo la rangi la watoto wadogo la mwaka 1890 gauni lilikuwa la njano. Tunachokiita "sura halisi" ya Alice ni mazoea tu.

Ndiyo maana tafsiri ya kwanza ya Kiswahili ina uzito. *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ilitolewa London mwaka 1940. Picha zake zilifuata mpangilio wa Tenniel, lakini Elisi alikuwa msichana wa Kiafrika. Ukihakiki picha hizo usiishie kusema "amebadilishwa rangi". Uliza: mtoto wa hapa aliyefungua kitabu mwaka ule, wakati nchi ikiwa chini ya Waingereza, alimwona nani akiuliza maswali na kubishana na malkia? Hilo ni suala la dhamira kabisa, na limebebwa na mchoro. (Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015 inamwita Alisi. Jina nalo ni sehemu ya kumchora upya mhusika.)

Unapochora, tenganisha mambo mawili: kile ambacho hadithi haiwezi kwenda bila yake, na kile ambacho mchoraji wa kwanza aliongeza. Cha kwanza kiache. Cha pili ni chako.

Mfano mzuri ni Kiwavi aliyekaa juu ya uyoga akivuta kiko cha maji. Wakati huo Alice amepungua hadi inchi 3, kama sentimita 7 na nusu, naye analalamika kwamba kimo hicho ni cha aibu. Kiwavi anakasirika kwa sababu yeye mwenyewe ana kimo hichohicho. Uyoga unaweza kuuotesha kwenye kichuguu cha Iramba wakati wa masika, na Kiwavi ukamvika kofia ya mzee wa kijiji. Lakini ukimchora Alice mara mbili ya Kiwavi, umeua mzaha wote. Uwiano wa vimo hapa ni sehemu ya maana.

Kwa upande mwingine, si kila kitu kinahitaji kubadilishwa. Malkia wa Kopa yumo tayari katika karata zinazochezwa vijiweni kwetu. Mchezo wake unatumia ndege aina ya heroe kama gongo na kalunguyeye kama mpira. Heroe wanaonekana Ziwa Singidani, na kalunguyeye si mgeni mashambani. Katika ule mswada wa mkono magongo yalikuwa mbuni. Carroll mwenyewe alibadili. Wewe ukimweka kuku wa kienyeji, utapata kichekesho, ila shingo yake fupi haitakupa ile taabu ya gongo linalojikunja na kumtazama mpigaji usoni.

Angalizo: kuweka nyumba ya tembe, alizeti na majabali nyuma ya kila picha si ubunifu. Hayo ni mapambo mpaka mhusika ayatumie. Jabali ambalo Elisi anajificha nyuma yake lina kazi. Lililosimama tu halina.

Swali la mfano: Umepewa kazi ya kumchora Sungura Mweupe kwa ajili ya wasomaji wa Singida. Eleza utakachokiacha na utakachokibadili, kwa sababu.

Dokezo la jibu: Weupe utabaki, kwa kuwa ni jina lake, sungura wa porini kwetu ni wa kahawia, hivyo achorwe kama sungura wa kufugwa aliyetoroka banda. Koti linaweza kubadilika. Saa haiondoki, maana Alice hashangazwi sana na sungura kusema. Anashtuka anapomwona akitoa saa mfukoni. Ukimpa simu utapoteza mshtuko huo, kwani mtu kuitazama simu ni jambo la kila dakika. Afadhali saa ya mkononi ya mtu mzima, iliyo pana kuliko mkono wake, anayoishikilia kwa mkono wa pili isidondoke huku akikimbia.