Intaneti ya ghorofani: faida iko kwa mwenye funguo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayepita Upanga, Kariakoo au Sinza jijini Dar es Salaam huona maghorofa yanavyoongezeka. Kila jengo lina wapangaji wanaotaka mambo mawili mara tu wanapohamia: televisheni na intaneti. Si ajabu basi kwamba mwenye mtaji mdogo hushawishika kuweka waya ndani ya jengo, akanunua intaneti kwa jumla na kuiuza kwa rejareja, nyumba kwa nyumba.

Mwekezaji wa aina hii huanza kwa kuulizia bei ya waya na vifaa. Ukurasa huu unaona kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: hitilafu ikitokea saa tatu usiku katika nyumba namba 27, nani ataiona, ataiona akiwa wapi, na funguo za mitambo anazo nani?

Mitambo inavyofanya kazi

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya nje iliingia nchini zaidi kwa satelaiti, na bei ya jumla haikuwa ya mtu mdogo. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Tangu hapo intaneti imekuwa bidhaa inayoweza kununuliwa kwa jumla na kugawanywa.

Katika jengo la kisasa, uzi mmoja wa faiba hutoka kwenye mtambo mkuu, ambao unaweza kuwa umbali wa hadi kilomita 20. Uzi huo hufika chini ya jengo, na hapo kifaa kidogo kisichotumia umeme huugawa mwanga mara 32 au hata 64. Kila nyumba hupata kisanduku chake. Kwa mitambo ya GPON, ambayo ndiyo iliyoenea, uzi huo hubeba gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na 1.25 kurudi. Nyumba 32 zikitumia kwa pamoja bila kupumzika, kila moja itapata wastani wa megabiti 78 hivi, mradi intaneti iliyonunuliwa kwa jumla nayo inatosha. Televisheni ya kebo inaweza kupita kwenye uzi huohuo kwa mwanga wa rangi tofauti, bila kugombana na intaneti.

Kumwona mteja bila kupanda ngazi

Mtambo mkuu huongea na kila kisanduku wakati wote. Msimamizi aliyeko Mbezi au Arusha hufungua programu na kuona nani yuko hewani, nani amezimika na tangu saa ngapi. Zaidi ya hayo, huona nguvu ya mwanga inayofika kwa kila mteja. Kipimo cha -20 ni kizuri. Kikikaribia -27 mteja ataanza kulalamika, na kila kinaposhuka kwa 3 maana yake nusu ya mwanga imepotea. Nyumba moja ikishuka peke yake, yaelekea waya umekunjwa nyuma ya kabati. Nyumba zote zikishuka kwa pamoja, tatizo liko chini ya jengo au barabarani.

Kuna ishara nyingine yenye thamani kubwa katika nchi yetu. Kisanduku kinapokatiwa umeme, vingi hutuma ujumbe mfupi kabla ya kuzima kabisa, mithili ya pumzi ya mwisho. Ujumbe huo ukifika, msimamizi anajua kwamba LUKU imekwisha au umeme umekatika. Kisanduku kikipotea bila kuaga, waya ndio umekatika. Tofauti hiyo peke yake humwokoa fundi na safari nyingi za bure.

Malipo nayo husimamiwa vivyo hivyo. Kila mteja ana akaunti yenye kasi na tarehe ya mwisho. Siku ikipita bila malipo, huduma husimama yenyewe. Akilipa kwa simu, taarifa ya malipo huingia kwenye programu na huduma hurudi, hata kama ni usiku wa manane.

Hesabu ya mfano

Tuchukue jengo la nyumba 32, kila moja ikilipa Sh. 50,000 kwa mwezi. Takwimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Mapato ni Sh. 1,600,000. Tuseme intaneti ya jumla ni Sh. 700,000, na umeme pamoja na nafasi anayolipwa mwenye jengo ni Sh. 150,000. Inabaki Sh. 750,000.

Sasa weka malalamiko 30 kwa mwezi, na kila safari ya fundi iwe Sh. 20,000. Safari zitakula Sh. 600,000 na kubakiza Sh. 150,000. Kama mtaji ulikuwa Sh. milioni 9, utarudi baada ya miezi 60, yaani miaka mitano.

Malalamiko 20 kati ya hayo 30 yakimalizwa kwa mbali, safari zitabaki 10, sawa na Sh. 200,000. Toa Sh. 100,000 nyingine za programu na laini ya akiba, utabaki na Sh. 450,000. Mtaji uleule utarudi kwa miezi 20. Wateja ni walewale na bei ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya safari.

Yasiyotatulika kwa mbali

Hata hivyo, mwekezaji asidanganywe kwamba mafundi hawatahitajika. Panya akitafuna waya, maji yakiingia kwenye sanduku la chini au chaja ikiungua, lazima mtu afike. Kuta za zege nazo huzuia Wi-Fi, na mteja aliye chumba cha mwisho atalalamika ingawa waya wake ni mzima.

Vile vile, faiba kuu ikikatika, msimamizi anayetegemea faiba hiyohiyo kuona jengo atakuwa kipofu. Ndiyo maana vifaa vya chini ya jengo huwekewa betri ya akiba na laini ya simu ya 4G kwa ajili ya usimamizi peke yake. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na usiku mmoja wa kubahatisha.

Hatari ya mlango ulioachwa wazi

Mlango anaoingilia msimamizi, mwizi naye anaweza kuuingilia. Novemba 2016, nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipata matatizo ya huduma. Wahalifu walikuwa wamejaribu kuviteka vifaa vya majumbani kupitia mlango wa usimamizi wa mbali uliokuwa wazi kwenye intaneti. Hawakufanikiwa kuviteka, lakini vifaa vilikwama. Mwaka 2018 ikawa zamu ya ruta za MikroTik, ambazo watoa huduma wengi wadogo huzitumia. Marekebisho ya programu yalitolewa Aprili mwaka huo, lakini ruta nyingi ambazo wenyewe hawakuzirekebisha zilitekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za mtandaoni bila wao kujua.

Somo kwa mwenye mtaji ni jepesi. Mlango wa usimamizi usionekane na ulimwengu mzima, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na marekebisho ya programu yawekwe yanapotoka.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyumbani. Mara nyingi fundi aliyefunga mitambo ndiye pekee anayejua maneno ya siri. Mkigombana au akihama, mwekezaji hubaki na waya ukutani na wateja wenye hasira, huku biashara yenyewe ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Risiti ya vifaa haikufungulii mtambo.

Sheria

Kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni ya TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kununua bando la nyumbani na kuwauzia majirani 31 hakukufanyi mtoa huduma. Njia nyepesi kwa mtaji mdogo ni kuingia ubia na kampuni yenye leseni. Aidha, anayesimamia mtandao huhifadhi majina, simu na mienendo ya wateja, kwa hiyo anaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kabla ya kutoa fedha

Msomaji anayefikiria kuingia katika biashara hii apate majibu ya maandishi kwa maswali matano. Leseni ni ya nani? Mkataba na mwenye jengo ni wa miaka mingapi, na jengo likiuzwa itakuwaje? Programu ya usimamizi imesajiliwa kwa jina la nani? Maneno ya siri yamehifadhiwa wapi, na mtu wa pili anayeyajua ni nani? Je, katika malalamiko ya miezi mitatu iliyopita, mangapi yalimalizwa bila safari?

Anayeuza hisa zake katika jengo kama hilo akishindwa kujibu swali la mwisho, yaelekea hana kumbukumbu. Mwambie akufungulie programu mbele yako na akuonyeshe nyumba moja baada ya nyingine. Akisema hadi ampigie fundi simu kwanza, basi fundi huyo ndiye wa kuzungumza naye bei.