Wakulima Waliozaliwa Mwaka 1844

Karani aliniita nje ya ofisi ya chama cha wakulima huko Bariadi, mkoani Simiyu, akiwa na karatasi mbili mkononi. Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto, foleni ya mizani imefika barabarani, na daftari la wakulima lilikuwa linahamishiwa kwenye kompyuta kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. "Mwalimu," akasema, "hebu soma hapa. Hawa wote wana namba moja ya NIDA?"

Nikasoma. Mzee na kijana, mama na binti yake, karibu kila jina lilikuwa na namba ileile: 18446744073709551615.

Mtanzania mwenye kitambulisho cha taifa anajua kwamba namba yake ina tarakimu 20, na kwamba nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ukiisoma namba ya karani kwa utaratibu huo, wakulima hao wote walizaliwa mwaka 1844, mwezi wa 67, tarehe 44.

Kosa hili si la Bariadi peke yake. Lina sababu inayoeleweka, na yeyote anayeandikisha watu kwa kompyuta anapaswa kuijua, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Kompyuta ikipokea 1990 kutoka kwenye kibodi, haipokei elfu moja mia tisa na tisini. Inapokea alama nne za maandishi zilizopangwa mstari. Alama ya sifuri hutunzwa kama 48, ya moja kama 49, hivyo hivyo hadi ya tisa, ambayo ni 57. Ili alama hizo ziwe namba ya kujumlisha na kutoa, programu huanza na sifuri. Kila tarakimu inapofika, huzidisha ilichonacho kwa kumi kisha huongeza tarakimu hiyo. Inaingia 1, inakuwa 1. Inaingia 9, inakuwa 19. Inaingia 9 nyingine, 199. Inaingia 0, 1990. Kwa C ni mstari mmoja:

n = n * 10 + (c - '0');

Hiyo c - '0' ndiyo kutoa 48. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuandika mstari huu kwa dakika moja, na kwa namba fupi haumwangushi kamwe.

Tabu iko kwenye n. Katika C, kila namba hukaa kwenye chombo chenye ukubwa uliopangwa tangu mwanzo, mithili ya debe. Chombo kikubwa cha kawaida kwa namba zisizo hasi, unsigned long long, kwenye kompyuta zetu kina biti 64, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 18446744073709551615. Nayo ina tarakimu 20. Mtu akihesabu tarakimu tu ataona 20 kwa 20 na kudhani NIDA inatosha. Haitoshi. Debe linajaa kwenye 1844, na hakuna mwenye kitambulisho cha taifa aliyezaliwa mwaka huo au kabla yake. Kila namba ya NIDA, ianze na 19 au 20, inazidi kipimo.

Debe likijaa mahindi yanamwagika na kila mtu anaona. C haimwagi hadharani, na ndiyo maana nataka wenzangu walichukulie jambo hili kwa uzito. Fanksheni ya strtoull, iliyotumika kwenye programu ile, ikizidiwa hurudisha ile namba kubwa kuliko zote, kisha huacha ujumbe pembeni kwa kuandika ERANGE kwenye kigeu kiitwacho errno. Aliyeandika programu hakuutazama ujumbe huo. Angetumia atoi, mambo yangekuwa mabaya zaidi, kwa sababu viwango vya lugha havisemi chochote kuhusu kitakachotokea namba ikizidi. Kwenye Linux nyingi za biti 64 ungepata -1, na hakuna kiwango kinachokuahidi ujumbe wowote. Na angeandika mwenyewe ule mstari wa kuzidisha kwa kumi, namba ingezunguka kama mita ya kilomita inayorudi sifuri. 19900101000000000000 ingegeuka 1453356926290448384. Hiyo ni hatari kuliko zote, maana inaonekana kama namba halali.

Kinga ipo na ni fupi. Kabla ya kuzidisha, jiulize kama ulichonacho kinazidi kikomo ukitoa tarakimu inayoingia kisha ukagawa kwa kumi. Kikizidi, simama useme. Swali hili lazima liulizwe kabla, kwa sababu baada ya kuzidisha ushahidi umeshapotea.

Pale ofisini kijana mmoja alipendekeza tuiache C, tutumie Excel. Nikamwonyesha. Excel hushika tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazobaki huzigeuza sifuri, na kwenye kisanduku chembamba namba huonekana kama 1.99001E+19. Tano za mwisho zimekwenda, na hata ukipanua kisanduku hazirudi. Ndivyo zilivyo pia namba za desimali za C, zile za double. Katika ukubwa wa namba ya NIDA, double huruka kwa hatua za 4,096. Raia wawili ambao namba zao zimekaribiana kuliko hapo wanaweza kuwa mtu mmoja mbele ya kompyuta.

Simiyu ndiko pamba nyingi ya nchi hii inakotoka. Kwa mkulima, daftari la chama ndilo linalosema nani alichukua mbegu na dawa kwa mkopo, nani alipima kilo ngapi, na fedha ziende kwa nani. Mama aliyelima ekari mbili kwa jembe la mkono akichanganywa na jirani yake kwa sababu ya tarakimu tano zilizogeuzwa sifuri, ameibiwa hata kama hakuna mwizi.

Lakini hapa kuna swali ambalo lilipaswa kutangulia mengine yote: kwa nini namba ya NIDA igeuzwe namba? Hakuna anayejumlisha NIDA ya baba na ya mwana. Hakuna anayetafuta wastani wake. Ni jina la mtu lililoandikwa kwa tarakimu, na jina hutunzwa kama maandishi: nafasi 20 za herufi, na moja ya kufungia mstari kama C inavyotaka. Namba ya simu nayo ni hivyo hivyo. Ukiigeuza namba, sifuri ya mbele inapotea. Na ukiiambia strtol, fanksheni ndugu ya strtoull, itambue yenyewe mtindo wa kuhesabu, sifuri hiyo itaielewa kama amri ya kuhesabu kwa nane badala ya kumi.

Kuna tarakimu 20 nyingine katika nyumba zetu ambazo kweli ni namba: tokeni ya umeme wa LUKU. Mita za aina hii hufuata kiwango cha kimataifa ambacho hufungasha ujumbe uliofichwa wa biti 64, kisha huchomeka humo biti mbili za kueleza aina ya tokeni. Jumla ni biti 66, na namba kubwa kuliko zote ya biti 66 ni 73786976294838206463. Angalia risiti zako: tokeni haianzi na 8 wala 9. Mita haina budi kugeuza tarakimu zile kuwa biti ili isome ujumbe, na debe la biti 64 limeshapungukiwa na biti mbili.

Dawa yake ni ya darasa la tatu. Namba kubwa huvunjwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye safu. Tarakimu mpya ikiingia, zidisha kipande cha kulia kabisa kwa kumi, ongeza tarakimu, bakiza kinachoenea, na kinachozidi kibebe kwenda kipande cha kushoto. Rudia hadi mwisho wa safu. Ndivyo tulivyofundishwa kuzidisha kwa chaki ubaoni, na hata chipu ndogo ya mita inaweza. Kwenye kompyuta kubwa, kompaila ya GCC ina __int128 inayomeza hadi tarakimu 38 bila shaka yoyote, ila haina fanksheni tayari ya kuisoma wala ya kuichapa, hivyo mstari wa kuzidisha kwa kumi utauandika wewe.

Kwa tarakimu maelfu na maelfu, njia hii ya ubaoni inachoka, kwa kuwa ukiongeza urefu maradufu kazi inakuwa mara nne. Mwaka 2022 watunzaji wa lugha ya Python waliweka kikomo cha tarakimu 4,300 ili mtu asiweze kuziangusha seva kwa kuzitumia mstari mrefu wa tarakimu tu. Kwa C ipo maktaba ya GMP, ambayo hukata mstari katikati, hugeuza kila nusu kivyake, kisha huziunganisha kwa mbinu za kuzidisha zilizo na kasi kuliko ile ya ubaoni.

Chama kile hakikuhitaji yote hayo. Tuligeuza safu ya NIDA kuwa maandishi, tukaweka ukaguzi wa mambo matatu: herufi ziwe 20, zote ziwe tarakimu, mwezi na siku viwe vya kweli. Karani akaanza kuingiza upya kutoka kwenye daftari la karatasi. Alipofika jina la kumi na kitu, programu ikakataa. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena: tarakimu zilikuwa 19, mtu aliruka moja wakati wa kunakili msimu uliopita. Akatoka hadi kwenye foleni ya mizani, akamwita mwenye jina, na yule mama akafungua fundo la kanga akatoa kitambulisho.