Kwa nini vidonda vya tumbo huchelewa kupona uzeeni

Huko Buyangu, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, mzizi wa mukombero hutafunwa ili kutuliza tumbo. Hata hivyo, kwa mzee, kiini cha maumivu huenda kikawa ndani zaidi.

Utando wa ndani wa tumbo hujengwa upya kila baada ya siku chache na seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine. Kadiri umri unavyosonga, seli hizo hulimbikiza kasoro katika chembe za urithi, na vidonda huchelewa kupona.

Bakteria wa Helicobacter pylori, ambao aghalabu humwingia mtu utotoni, huzidisha madhara hayo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliwaorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani. Wanatibika kwa viuavijasumu; mukombero usimcheleweshe mzee kupimwa.