Kipande cha Hesabu Kiko Addis Ababa

Ushirika mwingi wa shule zetu na shule za ng'ambo huanza kwa picha na kuishia kwa picha. Wageni hupokewa kwa ngoma, kompyuta zilizokwisha kutumika hukabidhiwa, barua za salamu huandikwa mwaka mmoja au miwili, kisha mwalimu aliyeushika mradi anahamishwa na mambo yanaishia hapo. Sidharau kompyuta wala salamu. Kinachoniuma ni kwamba upande mmoja hutoa na mwingine hushukuru, na mtoto wa upande wa kushukuru haambiwi kamwe kwamba naye ana kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata ila kwake.

Upo mradi unaolibadilisha hilo, na vifaa vyake ni fimbo ya mita moja, timazi, pimamaji, futi ya utepe na jua.

Wazo lenyewe ni la karne ya 3 kabla ya Kristo. Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo na mkuu wa maktaba ya Aleksandria, alipata habari kwamba Aswan kuna siku moja katika mwaka ambapo jua la mchana humulika hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo Aleksandria vitu vilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli hicho, akaikuta ni sehemu moja ya 50 ya duara, akazidisha umbali wa miji hiyo miwili kwa 50. Hapo akawa na mzingo wa dunia, bila kuondoka Misri.

Ufaransa, mwanafizikia Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alianzisha mwaka 1996 mpango wa La main à la pâte baada ya kuona jinsi watoto wa shule za Chicago walivyofundishwa sayansi kwa kushika na kujaribu. Mpango huo ukaja kuwaalika wanafunzi wapime vivuli na kubadilishana vipimo na wenzao wa nchi nyingine. Ugiriki nako shule ya Ellinogermaniki Agogi huratibu jaribio hilohilo kimataifa, katika siku ambazo mchana na usiku hulingana.

Tuchukue Dar es Salaam na Addis Ababa, miji iliyo karibu kabisa juu ya longitudo moja. Ni mwishoni mwa Septemba. (Machi pia yafaa, ila kwa Dar masika huwa yanabisha hodi, na wingu moja latosha kuharibu kazi.) Fimbo inasimamishwa uwanjani, timazi ikishuhudia kwamba haikuinama, na chini yake karatasi pana iliyosawazishwa kwa pimamaji. Kuanzia saa sita kasoro robo, mwanafunzi mmoja anatia nukta kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika mbili. Jua la Dar halifiki juu kabisa saa sita kamili kama vitabu vinavyotuzoesha. Siku hizo hufika kama saa sita na robo, na Addis dakika mbili hivi baadaye. Hilo peke yake huzua mjadala wa kipindi kizima.

Kivuli kifupi kuliko vyote kinapimwa: Dar sentimita 12, Addis 16. Unachora pembetatu kwa kipimio, unatoa protrakta kwenye mkebe, unasoma nyuzi karibu 7 hapa na 9 kule. Sasa mfanye nini na namba hizo? Wengi hutoa. Wakitoa, dunia inavimba mara nyingi kupita ukubwa wake, maana kivuli cha Dar kililala kuelekea kusini na cha Addis kaskazini. Ikweta imepita katikati yao. Lazima wajumlishe. Wakigawa duara zima kwa jumla hiyo, kisha wakazidisha kwa kilomita kama 1,750 zinazoitenganisha miji hiyo, jibu linaangukia karibu na 40,000, namba ambayo vizazi vya wanafunzi wa Jiografia vimeikariri bila kuigusa. Na kosa la sentimita moja tu kwenye kivuli kimoja hulipotosha jibu kwa zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo shule zote mbili zinapaswa kuwa makini. Mvivu wa Dar anaiharibu hesabu ya Addis.

Hapa ndipo sanaa inapoingia, na haiingii kama pambo. Nukta za Septemba hujipanga mstari mnyoofu. Rudia zoezi Juni na mstari unapinda. Dar kivuli cha mchana kinafika sentimita 58 kuelekea kusini. Desemba kinageuka na kulala kaskazini, sentimita 30. Mwalimu wa sanaa akiwapa watoto rangi waichore mistari hiyo sakafuni, uwanja wa shule unakuwa kalenda inayosomeka kwa macho. Wenzao wa Athens wakichora yao, vivuli vyote vya mchana vitaelekea kaskazini, mwaka mzima, na watoto wa huko hawatasadiki kwamba cha Dar hugeuka. Watataka ushahidi. Picha za sakafu ndizo ushahidi.

Pwani yetu haianzi elimu hii kutoka sifuri. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Na kwa wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi huku, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli cha jua lilipopinduka. Mzee wa msikitini aliyejifunza kupima nyakati kwa kijiti anastahili kualikwa darasani siku hiyo, asimame kando ya mwalimu wa fizikia.

Maandalizi yaanze Julai, shule zikubaliane tarehe, urefu wa fimbo na siku mbili za akiba kwa ajili ya mawingu. Simu moja ya mwalimu yatosha kutuma vipimo. Kwa mkuu wa shule ombi ni dogo: saa moja ya mchana bila kengele, na kona ya uwanja ambapo hakuna atakayeegesha gari.