Mboga za Kienyeji Hujenga Mwili

Ndugu Mkulima, usidhani kwamba nyumba isiyopika nyama ni nyumba yenye njaa. Pika mahindi pamoja na maharagwe: kile kinachopungua katika mahindi kimo katika maharagwe. Ongeza kunde, mchicha, mnavu au mgagani. Majani hayo huongeza damu na kulinda macho ya watoto.

Osha majani kabla ya kuyakata, tia maji kidogo, funika, wala usiyapike mpaka yapoteze rangi. Mgagani ukiwa mchungu, tia maziwa.

Lakini usiuze maziwa yote. Bakiza kikombe cha kila mtoto, maana majani peke yake hayatoshi kumkuza.

Mvua ikianza, panda kunde karibu na jiko. Baada ya majuma manne hivi utaanza kuchuma.